Mwandishi na mhariri wa shirika la habari: kazi inakwendaje, kuanzia eneo la tukio hadi dawatini?

Kibatari

Wakuu, habari za majukumu. Naomba wenye kuijua kazi ya mashirika ya habari watufungue macho. Ya gazetini tunaielewa: kuna saa ya kufunga ukurasa, ikipita imepita. Redioni kuna taarifa ya kila saa. Lakini Reuters, AFP, AP na wenzao hawana ukurasa wala saa ya kufunga, habari zinatoka mchana na usiku. Maswali yangu:

- Tukio likitokea, habari inapitia hatua zipi hadi iingie kwenye waya (mtandao wa kuwapelekea wateja habari), kwa dakika ngapi na kwa urefu gani?
- Mhariri wa dawati (ofisi inayopokea na kuhariri habari) anafanya nini hasa ambacho mwandishi hakukifanya?
- Ngazi za kupanda zikoje, na mtihani wa kuingilia unapima nini?
- Anayekusanya habari kwa Kiswahili, kisha ikatoka kwa lugha nyingine, anateleza wapi?

Tafadhali tuongee hatua na vipimo. Simulizi za "enzi zetu" tuzifungulie uzi wake.

DawatiLaUsiku

Mkuu Kibatari, shika hili kwanza, mengine yatajieleza: mwandishi wa shirika anamwandikia mhariri mwenzake. Wateja ni magazeti, redio, televisheni, tovuti, mabenki, balozi. Mmoja anataka mistari 6, mwingine maneno 700, wa redio anataka sentensi 2 azisome dakika 3 zijazo, na wote wanapokea maandishi yaleyale. Kwa hiyo habari huandikwa iweze kukatwa kutokea chini bila kumpigia simu aliyeiandika. Ukiiweka hoja kubwa aya ya 9, mteja anayekata aya ya 6 atachapisha habari isiyokuwa na habari.

Chimbuko la utaratibu huu ni gharama. Charles-Louis Havas alianzisha shirika lake Paris mwaka 1835, magazeti ya New York yakaungana kuunda AP mwaka 1846 ili kuchangia gharama ya kusafirisha habari, na Paul Julius Reuter alitumia njiwa mwaka 1850 kati ya Aachen na Brussels, mahali ambapo waya wa simu ya maandishi ulikuwa haujaunganishwa, kabla ya kufungua ofisi London mwaka 1851. Njiwa hawapo tena, ila hesabu ni ileile: mmoja anakwenda, mia wanatumia.

Sasa hatua. Majina na vipimo hutofautiana kati ya shirika na shirika, lakini mtiririko wa tukio la ghafla uko hivi.

Inaanza alati, yaani mstari mmoja wa dharura. Herufi 80 hivi, kitenzi kimoja, chanzo ndani yake. Inatakiwa iwe imetoka dakika 1 au 2 baada ya chanzo kusema.

Mbovu: "Ajali mbaya ya kivuko, wengi wahofiwa kufa."
Nzuri: "Watu 12 wafariki ajali ya kivuko – mkuu wa bandari."

Ile ya kwanza haina idadi wala msemaji. "Wahofiwa" na nani? Mteja hawezi kuifanyia lolote.

Ndani ya dakika 10 inafuata habari fupi ya aya 2 hadi 4: nini, wapi, lini, nani kasema, na sentensi moja ya usuli. Hapa usisubiri nukuu nzuri. Nusu saa ikitimia iwepo ya maneno 300 au 400 yenye shuhuda mmoja na kauli rasmi. Baadaye, kwa kawaida ndani ya saa 1 au 2, inatoka habari kamili ya maneno 600 hadi 800.

Zingatia kwamba kila toleo jipya linafuta lililotangulia. Halibandikwi chini yake. Linabeba jina fupi la kazi lilelile (slagi) ili mifumo ya wateja iyafunge pamoja, na juu kabisa linakuwa na kidokezo cha kilichobadilika: "Inaongeza kauli ya waziri aya ya 4, idadi ya waliofariki yafika 15." Ukikiacha, mhariri wa upande wa pili analazimika kuyaweka matoleo mawili bega kwa bega na kutafuta tofauti kwa macho. Ukibadilisha slagi njiani, kwa mfano kutoka KIVUKO-AJALI kuwa AJALI-MAJINI, mteja anaona matukio mawili. Kivuko kimoja kinazama mara mbili.

Kwa yale yanayojulikana saa yake, kama uamuzi wa riba wa benki kuu, alati huandaliwa mapema kwa sura tatu: imepanda, imeshuka, haikubadilika. Hatari yake ni kubofya isiyo yenyewe. Kinga ni kuacha XX mahali pa tarakimu ili alati isiweze kutoka kabla mtu hajaandika namba kwa mkono wake.

Mfano wa alati iliyotulia ni wa 22 Novemba 1963, Dallas. Risasi zilisikika saa 6:30 mchana. Merriman Smith wa shirika la UPI alikuwa kwenye gari la waandishi lenye simu moja, na mwenzake wa AP alikuwa kiti cha nyuma. Smith aliing'ang'ania ile simu, na saa 6:34 waya wa UPI ukasema risasi tatu zimefyatuliwa kwenye msafara wa Rais Kennedy. Iangalie vizuri: haikusema rais amepigwa, maana hilo alikuwa hajalijua. Alisema alichokisikia kwa masikio yake. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Pulitzer.

MzeeWaKoma

Dawati kaeleza vizuri upande wa kasi. Niongeze upande wa breki, maana ndiko mhariri anakolipwa.

Mhariri makini anasoma mara tatu. Mara ya kwanza mikono iko mbali na kibodi: anasoma kama mtu asiyejua chochote na kujiuliza kama aya ya kwanza imejibu "ndiyo nini?" Mara ya pili ni ya majina, vyeo, tarehe na hesabu, kimoja kimoja. Jina likiandikwa Mwanahamisi aya ya 2 na Mwanakhamis aya ya 8, anasimama hapo mpaka apate moja. Mara ya tatu anaanza na kichwa cha habari kisha anashuka kuangalia kama aya zinakibeba. Habari nyingi sahihi zimeharibiwa na kichwa kilichoandikwa na mtu aliyeishia aya ya 3.

Katika kila sentensi yenye madai, maswali ni mawili: nani kasema, na yeye amejuaje? La pili ndilo watu hulisahau. Tarehe 7 Novemba 1918 shirika la United Press lilitangaza kwamba Vita Kuu vimekwisha, siku 4 kabla havijakwisha. Chanzo kilikuwa admirali wa Marekani aliyekuwa Brest, Ufaransa. Cheo kilikuwa kizito, ila admirali mwenyewe hakuwapo kwenye mazungumzo, naye alipokea taarifa kutoka kwa wengine. Cheo hakithibitishi habari; ukaribu na jambo ndio unaothibitisha.

Tarehe 28 Februari 2015 AFP ilitangaza kifo cha mfanyabiashara Martin Bouygues, ambaye alikuwa hai. Kiongozi wa kijiji cha jirani alikuwa amethibitisha kifo cha "Martin", na Martin huyo alikuwa mtu mwingine kabisa. Pale kosa lilianzia kwenye namna ya kuuliza. Ukiuliza "Martin amefariki, eti?" utajibiwa ndiyo au hapana. Uliza "nani amefariki, jina lake kamili, umri gani, alikuwa anafanya kazi gani, wewe umeambiwa na nani?" Mtu atakayejibu yote hawezi kukupa marehemu asiyekuwa wako. Na kifo cha mtu mkubwa kinathibitishwa na familia, msemaji wake au daktari, sio na jirani.

Hapa napingana kidogo na Dawati. Dakika 2 ni sawa pale chanzo kinapozungumza hadharani, kwenye mkutano au hotuba, kwa sababu habari yenyewe ni kwamba kasema. Kwa jambo lililonong'onwa hakuna dakika 2. Kuna chanzo cha pili kisichotegemea cha kwanza, na watu wawili waliopewa taarifa na afisa mmoja ni chanzo kimoja.

Chanzo kisichotajwa jina kina masharti yake: kitoe taarifa, si maoni wala matusi, kiwe na njia ya kujua moja kwa moja, na taarifa isiwe inapatikana kwa njia nyingine. Mhariri lazima ajue ni nani, hata kama msomaji hatajua. Unamweleza kwa kadiri inavyowezekana, "afisa wa wizara aliyeisoma ripoti", na unataja sababu ya kuficha jina. "Vyanzo vyetu vya uhakika" ni maneno matupu.

Vitenzi vya kusema. "Alisema" kinatosha mara tisa kati ya kumi. "Alidai" kinamtilia shaka msemaji, "alifichua" kinamkubalia kwamba ni kweli, "alikiri" kinamtia hatiani. Polisi wakisema mtuhumiwa amekiri, andika kwamba polisi wanasema hivyo, na eleza kama kuna wakili aliyekuwapo.

Idadi ya waliofariki ndiyo inayoumbua madawati mengi. Usijumlishe vyanzo viwili. Hospitali ikisema 7 na polisi wakisema 12, usiandike 19, kwa sababu huenda wale 7 wamo ndani ya 12. Chagua kimoja kwa aya ya kwanza, kingine kitaje chini na useme tofauti ipo. Majeruhi akifariki anahama safu: waliofariki wanaongezeka 1, majeruhi wanapungua 1. Wengi wanasahau nusu ya pili. Waliotoweka wasichanganywe na waliofariki. Na idadi inaweza kushuka, maana miili huhesabiwa mara mbili inapohamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Ikishuka, sema imeshuka na kwa nini. Kubadilisha kimyakimya ndiko kunakomfanya mteja asikuamini kesho.

Hesabu za fedha nazo: riba ikitoka asilimia 5 kwenda 6 imepanda kwa pointi 1 ya asilimia. Ukisema imepanda kwa asilimia 1 umekosea, kwa sababu 1 ni asilimia 20 ya 5. Soko linauza na kununua kwa sentensi hiyo. Milioni na bilioni zisomwe kwa sauti kabla ya kubofya.

Kibatari

Asanteni sana wakuu, hapo kwenye "usijumlishe vyanzo" nimeelewa mengi. Embago inafanyaje kazi? Taarifa inakuja imeandikwa "isitangazwe kabla ya saa fulani". Je, ni sheria? Na wapiga picha nao wanahaririwa hivihivi?

DawatiLaUsiku

Embago kwa kawaida ni makubaliano. Anayetoa ripoti nene anakupa mapema usome na kuandika kwa utulivu, nawe unakubali kusubiri. Angalia vitu vitatu: saa ya embago iko kwa majira gani (andika GMT pembeni), kama ulikubali kweli au umeletewa tu bila kuulizwa, na kama mwingine ameshaivunja hadharani. La tatu likitokea, usiamue peke yako. Mpigie mhariri wa zamu, naye humwarifu aliyeweka embago kabla ya kuachia.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Edward Kennedy wa AP. Tarehe 7 Mei 1945 alishuhudia Ujerumani ikijisalimisha mjini Reims pamoja na waandishi wengine, wakaambiwa wasitangaze. Alipoona redio ya upande wa Ujerumani imeshatangaza, alipiga simu London na habari ikatoka. Shirika lake lilimkana, kazi ikaisha. Mwaka 2012 AP iliomba radhi kwa namna alivyotendewa, yeye akiwa ameshafariki miaka mingi nyuma. Watu hubishana hadi leo nani alikuwa na haki. Kwa mtazamo wangu habari ilikuwa sahihi na sababu ya kuizuia ilikuwa ya kisiasa, lakini kutomweleza mhariri wake kwamba kulikuwa na zuio ndiko kulikommaliza.

Lenzi

Za picha ni fupi. Picha ya shirika haiongezewi wala haipunguziwi kitu. Kinachoruhusiwa ni kukata kingo, kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi, na kufuta vumbi la kamera. Mwaka 2006 Reuters iliondoa kwenye hazina yake picha zote 920 za mpiga picha mmoja wa kujitegemea baada ya kubainika kwamba moshi kwenye picha ya Beirut ulikuwa umenakshiwa kwenye kompyuta.

Maelezo ya picha: sentensi ya kwanza, kwa wakati uliopo, inasema nani anafanya nini, wapi, tarehe gani na mwaka. Ya pili inatoa usuli. Usiandike anachohisi mtu ("akiwa na majonzi") kama hujaambiwa. Majina yaanzie kushoto. Ndani ya faili lenyewe jaza sehemu za IPTC (taarifa zinazobebwa ndani ya faili la picha): mpiga picha, tarehe ya kupigwa, mahali, maelezo. Mteja anatafuta kwa hayo, na picha isiyojazwa haitaonekana hata iwe nzuri kiasi gani.

Video ya mtu wa mitaani: omba faili halisi, sio iliyopitia kwenye makundi ya ujumbe, kwa sababu programu nyingi za ujumbe hubana faili na kufuta taarifa za saa na kifaa. Kisha tafuta ilionekana lini mara ya kwanza mtandaoni, linganisha majengo, vilima na mabango na picha za setilaiti, angalia vivuli kama vinakubaliana na saa inayodaiwa. Muulize aliyerekodi, "ulisimama wapi, umepiga nini kabla na baada?" Aliyeikopa kwa mtu hana klipu ya kabla na baada. Kwa picha za maiti na damu, zima sauti kwanza na tazama kwenye kidirisha kidogo. Sauti ndiyo inayobaki kichwani.

Fasiri

Swali la nne ni langu. Kiswahili kina mitego yake, na mfasiri akiwa mbali na aliyehoji, mtego unakamata.

*Saa.* "Saa tatu usiku" ni 21:00. Kila siku kuna anayeandika 3:00. Andika saa zote kwa mfumo wa saa 24 na GMT ukiwa bado eneo la tukio. "Saa nane usiku" ni 02:00, na kwa Afrika Mashariki hapo GMT bado ni 23:00 ya siku iliyotangulia, kwa hiyo siku nayo ihakikishwe.

*Askari.* Anaweza kuwa polisi, mwanajeshi, mgambo, mlinzi wa geti au wa hifadhi. Shuhuda akisema "askari wamepiga risasi", hujapata habari bado. Uliza sare rangi gani, gari gani, silaha gani.

*Yeye, a-, m-.* Lugha yetu haionyeshi jinsia. "Mwalimu alisema watoto wake wako salama" inamlazimisha mfasiri kubahatisha. Iandike jinsia ya kila anayetajwa pembeni ya jina hata kama inaonekana dhahiri.

*Ndugu, mtoto, baba.* Ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja, binamu, wa ukoo au mwanachama mwenzake. Baba anaweza kuwa baba mdogo. Ukiripoti msiba uliza "baba mzazi?" bila aibu, watu huelewa.

*Kushtakiwa.* Kwa mazungumzo ya kawaida mtu "ameshtakiwa" hata jirani yake alipokwenda kulalamika kituoni. Kwenye waya lazima ijulikane: analalamikiwa, anahojiwa, amekamatwa, amefikishwa mahakamani na kusomewa mashtaka, au amehukumiwa. Ngazi tano, na kuruka moja kunatosha kulifikisha shirika mahakamani.

*Namba kwa mdomo.* "Elfu ishirini na tano" kwa kawaida ni 25,000, lakini kwenye kura au fidia anayesoma orodha anaweza kuwa alikuwa na 20,005 machoni. Mrudie kwa tarakimu moja moja: mbili, tano, sifuri, sifuri, sifuri.

*Mguu na mkono.* Mguu ni kuanzia nyonga hadi vidole, mkono ni kuanzia bega. Ripoti ya majeruhi inahitaji "chini ya goti" au "kiganja".

Nukuu: tuma maneno ya Kiswahili kama yalivyosemwa chini ya maandishi, sehemu isiyochapishwa, ili mhariri yeyote anayejua lugha alinganishe. Msemaji akitumia methali, usiifasiri neno kwa neno ndani ya alama za nukuu. Eleza maana nje ya nukuu. Waziri akisema "maji yakimwagika hayazoleki" kuhusu mkataba, mteja wa ng'ambo atafikiria bomba limepasuka.

DawatiLaUsiku

Hiyo ya askari iwekwe ukutani. Naongeza "wananchi wenye hasira kali": imekuwa kama muhuri, haituambii walikuwa wangapi wala walifanya nini.

Ngazi7

Kuhusu ngazi. Wengi huanzia kwenye kujitegemea, wakilipwa kwa habari au kwa siku, au kama wanagenzi wa mwaka 1 hadi 2. Kisha mwandishi kamili, baadaye mwandishi wa eneo maalumu: masoko, afya, michezo, mahakama. Kutoka hapo njia inagawanyika. Wapo wanaobaki nje wakawa waandishi waandamizi, na wapo wanaoingia dawatini: mhariri wa kawaida, mhariri wa zamu, kisha mkuu wa ofisi au mhariri wa kanda. Mkuu wa ofisi asidanganyike kwamba ataandika sana. Atashughulika na bajeti, vibali vya safari, bima, magari, fulana za kuzuia risasi na mikataba ya watu.

Kuingia dawatini kunabadilisha jina lako linapokaa. Mwandishi yuko juu, mhariri yuko mstari wa mwisho. Reuters huandika mwishoni nani ameripoti na nani amehariri. AFP huweka herufi chache za vifupisho zenye mikwaju kati yake. Anayetaka umaarufu asiende huko. Na mwandishi hodari si lazima awe mhariri mzuri: mwandishi huandika upya kila anachokiona, mhariri mzuri huacha sentensi iliyo sahihi hata kama yeye angeisema vingine.

Mtihani wa kuingilia mara nyingi huwa na sehemu hizi. Unapewa rundo la taarifa za tukio moja zinazoingia kwa mafungu, labda saa 1 kwa jumla, na unatakiwa kutoa alati, fupi, kisha ndefu. Mitego imepandwa makusudi: hoja kuu iko ukurasa wa mwisho wa taarifa ya kampuni, jumla hailingani na vipengele vyake, jina limeandikwa namna mbili, chanzo kimoja kina maslahi, na katikati inakuja taarifa inayobatilisha ya kwanza. Wanaofeli kwa kawaida hufeli kwa kusubiri kila kitu kikamilike ndipo watoe alati, au kwa kutoirudia aya ya kwanza baada ya mambo kubadilika. Kuna kuhariri maandishi mabovu, kupunguza maneno 500 yawe 200 bila kupoteza chanzo, na maswali ya jumla. Kikokotoo huruhusiwa, na kama hukukigusa kuna kosa hukuliona.

Zamu: saa 24 kwa kawaida hugawanywa mara 3, na nusu saa ya kupishana. Maelezo ya makabidhiano yawe na: habari zilizo wazi na toleo lake la mwisho, nani anasubiriwa kupiga simu na kwa namba ipi, embago zinazofunguka zamu ijayo kwa GMT, na kila ulichokitilia shaka. Hicho cha mwisho watu hukificha kwa aibu, kisha anayeingia anakiachia kwenye waya.

Zamu tulivu ndiyo ya kusasisha tanzia zilizoandaliwa. Zihifadhiwe mahali ambapo mfumo hauwezi kuzichapisha kwa bahati mbaya. Novemba 2020 tovuti ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ilichapisha tanzia kama 100 za watu walio hai, akiwemo Malkia Elizabeth na Pelé, wakati wa kuhamia mfumo mpya. Acha tarehe na sababu ya kifo ikiwa XX, kama alivyosema Dawati kuhusu riba.

Kibatari

Wakuu mmeshusha madini. La mwisho: kosa limeshatoka na wateja wamechapisha. Hatua ni zipi?

MzeeWaKoma

Kwanza amua ni kosa la aina gani. Kama habari inasimama ila kuna jina, namba au cheo kisicho sahihi, ni masahihisho. Kama msingi wenyewe haupo, mfano aliyetangazwa kufa yu hai, ni ilani ya kufuta habari nzima. Usifanye masahihisho kwa kitu kinachotakiwa kufutwa. Wapo wanaojaribu kwa kuona haya.

Masahihisho: slagi ileile, neno MASAHIHISHO mwanzo wa kichwa, na kidokezo kinachosema wazi kosa na usahihi: "Inasahihisha aya ya 3, waliofariki ni 12, si 21." Kisha habari nzima irudiwe ikiwa safi. Kubadilisha bila kusema hakumsaidii mteja aliyekwisha chapisha, kwa sababu hajui atafute nini.

Ilani ya kufuta: alati kwanza, ndani ya dakika ileile uliyojua, kabla hujajua kosa lilitokeaje. Kisha ilani yenye saa ya GMT na kichwa cha kila toleo linalofutwa, pamoja na picha, video na tafsiri za lugha nyingine. Tafsiri ndizo husahaulika: la Kiingereza limefutwa, la Kifaransa linaendelea kuzunguka. Akaunti za mitandao ya kijamii nazo zina mtu wake, mpigie. Na zitazame hata pale ambapo kosa si lenu. Tarehe 23 Aprili 2013 akaunti ya AP ilidukuliwa ikatangaza milipuko Ikulu ya Marekani. Kipimo cha hisa cha Dow kikaanguka kwa pointi zaidi ya 140 ndani ya dakika chache, kisha kikarudi. Kwenye waya wenyewe habari hiyo haikuwapo. Mteja aliyeutazama waya aliligundua hilo papo hapo.

Halafu simu. Wateja wakubwa hupigiwa mmoja mmoja, hasa redio, maana redio haisomi ilani wakati mtangazaji yuko hewani. Weka orodha ya namba za madawati yao ya usiku, na ijaribiwe mara moja kwa mwezi. Namba nyingi kwenye orodha hizo huwa ni za watu walioshahama kazi.